AKIBA YA UZEENI NA HAKI ZAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: Enyi ndugu Waislamu, mwenye kuruzukiwa umri mrefu hana budi kufikiwa na udhaifu. Babu zetu wa pwani hii waliuwekea udhaifu huo minazi, nyumba na bangili za dhahabu, na kubwa ya yote ni watoto. Baba zetu walioingia kazi za mshahara wakategemea malipo ya uzeeni. Na katika Kenya mfuko wa NSSF ulianzishwa mwaka 1965. Nao vijana, tangu M-Pesa ilipotoka mwaka 2007, wengi wao fedha zao hukaa ndani ya simu. Mzee asema kijana hapandi mti. Kijana asema mzee alizaa badala ya kuweka.

Kuweka akiba si kukosa tawakali. Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, na Nabii Yusuf (a.s.) aliwaagiza watu wa Misri waweke nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Lakini akiba ya kizazi chochote ina haki tatu.

Ya kwanza ni zaka. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, pambo halali alivaalo mwanamke halina zaka kwa kauli yenye nguvu. Ama dhahabu aliyoifungia sandukuni kuwa ni akiba, ikifika mithkali 20, yaani kama gramu 85 za dhahabu safi, na ikapitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, ina zaka, fungu moja katika 40. Basi mama zetu na wazipeleke kwa sonara zikapimwe.

Ya pili ni kuepukana na riba, itoke katika benki au katika simu, iwe nyingi au chache. Wala mtu asiseme kwamba hapana njia nyingine: Waislamu wa Malaysia walianzisha mwaka 1963 chombo cha kuwekea fedha za Hija pasipo riba, nacho kingalipo.

Ya tatu ni haki ya wazazi. Mzazi akiwa fakiri, kumlisha na kumvika ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo, wa kiume na wa kike. Akiwa na pensheni ya kumtosha, wajibu huo wa matumizi humwondokea mtoto, lakini wema haumwondokei: kumzuru, kumwuguza, kumsemesha kwa upole. Mzazi naye asiile mali yake yote kwa kutumaini mtoto, kwani huenda mtoto huyo akatangulia kufa, au akawa fakiri kama yeye.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twasema, akiba isiyotolewa haki yake humwozea mwenyewe mbele ya Mola wake.

Ewe Mola, turuzuku mali ya halali, na watoto wema, na mwisho mwema. Amin.