Habari na Hali

Watu wengi hudhani kuwa kosa ni mtoto wa uwongo, na kwamba aliyeambiwa kweli, akaisadiki na kuitunza vema, hawezi kupotea. Dhana hii yapendeza, walakini si sahihi. Mtu aweza kupewa habari za kweli tupu, moja baada ya moja, akazihifadhi bila ya kupunguza wala kuongeza, na mwishowe akawa na imani isiyo ya kweli. Je, mtu wa namna hiyo ana lawama? Mfano wa swali hili wapatikana mahali padogo sana, chini ya vidole vya kila aandikaye kwa kompyuta.

Vitufe vya kibodi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza husema neno lake yenyewe: kitufe cha A kikibonyezwa, herufi hutokea. Aina ya pili haina neno lake; kazi yake ni kugeuza maana ya vitufe vingine. Hivi ndivyo vitufe vigeuzi, vilivyoandikwa Shift, Ctrl na Alt. Shift ni urithi wa mashine ya kupigia chapa. Katika mashine ya Remington No. 2, iliyotoka mwaka 1878, kila kijiti cha chuma kilichukua herufi mbili, ndogo na kubwa, na kitufe cha Shift kilisogeza sehemu iliyobeba karatasi ili herufi ya pili ndiyo igonge. Mashine ile haikuwa na haja ya kukumbuka. Kitufe kikishikwa, chuma kilisogea. Hali ilikaa ndani ya chuma chenyewe.

Katika kompyuta mambo ni marefu zaidi. Kibodi ya USB, katika utaratibu wake ulio mwepesi, hupeleka taarifa ya baiti 8. Baiti ya kwanza ina biti 8, na kila biti ni ya kitufe kigeuzi kimoja, vinne vya kushoto na vinne vya kulia. Taarifa hiyo haisimulii kilichotokea. Yaeleza mambo yalivyo. Mfumo wa kompyuta huilinganisha na taarifa iliyotangulia, na katika tofauti zake hutengeneza habari: Ctrl imebonyezwa, Ctrl imeachwa. Habari hizo hupokewa na maktaba, yaani mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha andikwa, ambao waundaji wa programu huutumia ili wasianze kazi upya kila mara. Maktaba nayo yalazimika kuziunga habari ipate kujua ni kitufe gani kimeshikwa. Basi hali hugeuzwa kuwa tukio, na tukio hugeuzwa tena kuwa hali. Katika mageuzi mawili hayo ndimo upotevu uingiamo.

Na tuseme mwandishi ameshika Ctrl, na ghafula dirisha jingine latokea mbele ya kioo. Anaiachia Ctrl, lakini habari ya kuachwa kwake yapelekwa kwa dirisha lile jipya. Mwandishi arudipo kwenye kazi yake, maktaba bado husadiki kuwa Ctrl imeshikwa. Ataka kuandika neno wema, abonyeza W, na kwa kuwa Ctrl pamoja na W ni amri ya kufunga katika programu nyingi, ukurasa wake wafungwa. Hapana aliyesema uwongo. Kibodi ilisema kweli, mfumo ulisema kweli, na maktaba ilikumbuka barabara yote iliyoyasikia. Hata hivyo, asiye na hatia ndiye aliyepata hasara.

Maktaba ingekuwa na ulimi, ingejitetea hivi: niliambiwa Ctrl imebonyezwa, sikuambiwa kuwa imeachwa, nifanyeje? Utetezi huu una nguvu, lakini umeficha jambo. Maktaba haikutegemea habari peke yake. Ilitegemea pia ukimya. Ilihesabu kuwa lisilosikiwa halikutokea. Hesabu hiyo ni halali maadamu sikio lilikuwapo mahali pa kusikia. Sikio likiondoka, ukimya hauna ushahidi wowote. Tena mfumo uliiarifu maktaba wakati dirisha lake lilipoacha kupokea vitufe. Ilijua kuwa haikuwapo, na bado ikahukumu kana kwamba ilikuwapo. Hapa ndipo lawama ipatikanapo, nayo haihusu kusadiki bali kusahau kutokuwapo kwake.

Yafanana na mtu aliyesafiri miaka mitatu, akimwacha jirani yake ana deni kwa mwenye duka. Deni lile lililipwa katika mwaka wa kwanza. Msafiri arudipo, jirani aomba adhaminiwe, naye amnyima kwa sababu ajua kuwa ni mdeni. Habari aliyokuwa nayo ilikuwa kweli, na kumbukumbu yake haikumpotosha. Lakini alijua kuwa alikuwa safarini, na mwenye duka alikuwa karibu wa kuulizwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mara nyingine asiyeuliza huwaumiza wengine.

Basi yaweza kusemwa kuwa dawa ni kuitupa kumbukumbu na kuuliza kila mara. Hapa yafaa kwenda polepole. Mfumo wa Windows una njia mbili za kuuliza kama kitufe kimeshikwa. Ya kwanza, GetKeyState, hujibu kwa kadiri ya habari ambazo programu imekwisha kuzipokea. Ya pili, GetAsyncKeyState, hujibu kwa kadiri ya wakati ule wa kuuliza. Mwandishi mwepesi aweza kubonyeza Shift pamoja na A, kisha akaiachia Shift kabla programu haijaifikia herufi ile. Programu ikiuliza kwa njia ya pili itajibiwa kuwa Shift haijashikwa, na itaandika herufi ndogo mahali pa herufi kubwa. Jibu ni la kweli, lakini neno la saa iliyopita limehukumiwa kwa hali ya saa hii. Nao mfumo wa madirisha wa X huambatanisha na kila habari ya kitufe maelezo ya hali ya vitufe vigeuzi, na maelezo hayo ni ya kabla tu ya tukio lenyewe. Habari ya kubonyezwa Shift husema kuwa Shift haijashikwa. Habari ya kuachwa kwake husema kuwa imeshikwa. Asiyejua desturi hiyo hudhani kuwa amedanganywa, kumbe hakuuliza habari ile ni ya wakati gani.

Kwa hiyo kumbukumbu na swali kila kimoja kina mahali pake. Neno hupimwa kwa hali ya saa liliposemwa, na hapo kumbukumbu ndiyo shahidi. Lakini baada ya kutokuwapo, kumbukumbu hukoma kuwa shahidi, na swali huwa faradhi. Maktaba iliyotengenezwa vema hufuata kanuni hii: dirisha linapoacha kupokea vitufe, hufuta yote iliyodhani yameshikwa, dirisha linaporejea, huuliza upya kabla ya kutenda.

Mtu naye hana haja ya kujua yote ili asiwe na lawama, kwa kuwa jambo hilo halimo katika uwezo wake. Atakiwa kujua ni lini sikio lake lilikuwa mbali, na kutoihukumu hali ya mwenzake kwa habari ya mwisho aliyoisikia kabla ya kuondoka. Akilitimiza hilo na bado akakosea, amekosea kama binadamu wote. Asipolitimiza, ukweli wa habari alizonazo haumpunguzii hatia yake.