Fimbo ya Elisha na Sauti ya Simu

Somo: 2 Wafalme 4:18-37



Siku hizi mtu akiwa hawezi, mara nyingi neno la kwanza aambiwalo si “Njoo,” bali ni “Piga simu.” Naye apigapo husikia sauti ya tabibu asiyemwona. Huulizwa maswali machache, hutajiwa dawa, kisha sauti hukatika. Mara nyingine hupona, akamshukuru Mungu. Lakini mara nyingine hubaki na simu mkononi na maumivu mwilini, akijiuliza: Je, mtu huyu amenielewa, naye hakuniona? Na wako wengi miongoni mwetu ambao huona haya kuomba waonwe, kwa kuwa wadhani ni utovu wa adabu kumsumbua mkubwa. Basi twataka kulitazama jambo hili katika nuru ya Neno la Mungu.

Somo letu latupa habari ya mama mmoja wa Shunemu. Mtoto wake wa pekee alimwendea baba yake shambani kwa wavunaji, akalia kwamba kichwa chamwuma. Akachukuliwa nyumbani, akapakatwa na mama yake hata adhuhuri, akafa. Mama hakulia mbele ya watu. Alimlaza mtoto juu ya kitanda cha nabii, akafunga mlango, akatandika punda, akaenda mpaka mlima wa Karmeli alikokaa Elisha. Gehazi, mtumishi, alipokuja kumlaki na kumwuliza habari, mama hakumfunulia jambo lake. Alipita, akaenda kumshika nabii mwenyewe miguu.

Elisha akamhurumia, akafanya upesi lile lililokuwa jepesi: alimpa Gehazi fimbo yake, akamwagiza akimbie asisalimiane na mtu njiani, aiweke juu ya uso wa mtoto. Lakini mama hakukubali kwenda na fimbo. Alisema hatamwacha nabii. Ndipo Elisha akaondoka, akamfuata. Huko mbele Gehazi akaiweka fimbo kama alivyoagizwa, wala hapakuwa na sauti wala dalili ya uzima. Elisha alipofika aliingia chumbani, akaufunga mlango, akamwomba Bwana. Kisha akajilaza juu ya mtoto, kinywa juu ya kinywa, macho juu ya macho, mikono juu ya mikono, hata mwili ukapata moto. Akatembea nyumbani huku na huku, akajilaza tena. Mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho.

Fimbo ilikuwa ya nabii kweli, na mtumishi alitii kweli. Wala Elisha hakumkemea mama kwa kumng’ang’ania. Aliondoka, akamfuata.

Kwanza, tusiidharau fimbo. Simu ni kipawa cha Mungu. Mzee akaaye mbali na hospitali, asiye na nauli, akiweza kuuliza tu kama aendelee na dawa yake, ameokolewa na safari ya siku nzima. Mama aliye peke yake usiku aweza kuambiwa la kufanya mpaka kupambazuke. Tena yule akida wa Kapernaumu hakutaka Bwana aingie chini ya dari yake. Aliomba neno tu, na Bwana akaisifu imani yake (Mathayo 8). Lakini tukumbuke ni nani aliyelitoa neno lile. Bwana Yesu aliwajua watu kabla hawajasema. Tabibu si Kristo. Yeye hujua yale aambiwayo, na yale ambayo macho yake, masikio yake na mikono yake imemwonyesha. Tukimnyima macho na mikono, tumembakizia masikio tu.

Pili, tutazame jambo lililotokea katika nchi ya Australia mwaka 1917, ambalo lafanana sana na somo letu. Mchunga ng’ombe mmoja, jina lake Jimmy Darcy, alianguka akaumia vibaya ndani ya tumbo. Rafiki zake wakamchukua kwa gari safari ya saa nyingi mpaka kijiji cha Halls Creek. Hapakuwa na tabibu. Alikuwapo mkuu wa posta, bwana Tuckett, aliyejifunza kidogo kufunga majeraha, na ulikuwapo waya wa simu, ile simu ya zamani ya kugonga herufi. Tuckett akamgongea Dr. Holland katika mji wa Perth, karibu kilometa 2,000 kutoka pale. Tabibu akaeleza kwa waya kwamba kibofu kimepasuka, na mtu huyu asipopasuliwa atakufa. Basi yule mkuu wa posta, ambaye hakuwahi kumpasua mtu, akampasua kwa kisu kidogo cha kukunja, bila dawa ya usingizi, akiyafuata maneno yaliyokuja kwa waya herufi kwa herufi. Na kazi ile ikafanikiwa!

Lakini Dr. Holland hakuridhika na waya. Aliona imempasa kwenda mwenyewe. Alipanda meli ichukuayo ng’ombe, akaendelea kwa gari, na mwisho kwa miguu, safari ya zaidi ya siku kumi. Alipofika aliambiwa kwamba Darcy amekufa siku iliyotangulia. Tabibu alipouchunguza mwili aliona kwamba kidonda cha upasuaji hakikuwa na kosa. Kumbe mtu yule alikuwa na malaria ambayo hakuna aliyeitambua, tena na jipu ndani ya tumbo.

Ndugu, tulifikiri neno hili. Tuckett hakukosa bidii, na Holland hakukosa elimu. Waya ulichukua kila neno lililotiwa ndani yake. Lakini waya hauwezi kuchukua neno ambalo hakuna aliyejua kulisema. Mgonjwa hueleza maumivu anayoyajua. Yale asiyoyajua hungoja jicho la mwingine. Malaria hutambulikana kwa tone la damu, na damu haipiti katika simu hata leo. Mtoto akohoapo, mpimaji aliyefundishwa humfunua kifua, akahesabu pumzi zake dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hata 11, pumzi 50 au zaidi katika dakika ni dalili ya hatari, na kwa mtoto wa mwaka 1 hata 5 ni pumzi 40 au zaidi. Mama mwenye hofu atahesabuje hayo huku ameshika simu? Na tumbo lililokazana litajulikanaje pasipo kuguswa?

Katika nchi ileile, mchungaji mmoja wa kanisa la Presbiteri, John Flynn, alihuzunishwa na vifo vya namna hii. Wala hakuchagua sauti akaacha mguu, wala mguu akaacha sauti. Mwaka 1928 tabibu wa kwanza wa kazi yake aliruka kwa ndege kutoka mji wa Cloncurry kwenda kuwaona wagonjwa wa mbali. Mwaka 1929 zikaanza kutumiwa redio zilizoendeshwa kwa kukanyaga kwa miguu, ili watu waweze kumwita. Redio ilikuwa ya kumwita tabibu na kungojea naye. Haikuwekwa ili tabibu asije. Nasi wa Afrika ya Mashariki twaijua kazi kama hiyo, kwa maana mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliianzisha kwetu, nayo ndege ikawafikia wagonjwa wa hospitali za misioni zilizokuwa mbali na wapasuaji.

Lakini chombo kilichowekwa ili kumleta tabibu chaweza kugeuka kuwa ukuta. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, matabibu wa Uingereza waliagizwa kuwasikiliza wagonjwa kwanza kwa simu, ili watu wasiambukizane. Agizo lile lilikuwa la busara kwa wakati wake. Kabla ya hapo, karibu watu wanane katika kila kumi walionana na tabibu wao uso kwa uso. Katika mwezi wa Aprili mwaka ule hawakufika nusu. Hatari ilipopungua, wengi walisikitika kwamba mlango haukufunguka tena kama zamani, hata katika Mei 2021 wakuu wa matibabu walitoa agizo kwamba mgonjwa atakaye kuonwa uso kwa uso asikataliwe, isipokuwa kwa sababu njema ya kitabibu. Twajifunza kwamba jambo la shida likizoelewa hugeuka kuwa desturi, na desturi haiondoki mpaka mtu aseme.

Tatu, basi, tuseme, lakini tuseme kama Wakristo. Yuko Naamani, aliyekasirika kwa kuwa Elisha hakutoka nje kumlaki, bali alimpelekea mjumbe tu (2 Wafalme 5). Naamani alitaka heshima. Ugonjwa wake ulijulikana na dawa yake ilikuwa wazi; kilichopunguka ni kutii. Ikiwa tabibu ametuambia kwa simu neno lililo wazi, nasi twakataa kwa sababu hatukupewa kiti na salamu, tu ndugu zake Naamani. Lakini yuko na mama wa Shunemu. Yeye hakujitafutia heshima. Alimshika nabii kwa ajili ya mtoto. Kila mmoja wetu ajiulize kabla ya kupiga simu: Je, mimi ni Naamani, au mimi ni Mshunami?

Aliye Mshunami asione haya. Na aseme kwa upole na kwa wazi: “Daktari, nakuomba unione.” Aeleze maumivu yalianza siku gani, yako mahali gani, na kwa nini maneno hayatoshi. Aulize: “Yakizidi usiku, niende wapi?” Akiambiwa angoje, naye aona hali yageuka, apige tena. Yule mjane wa Luka 18 hakumtukana kadhi, lakini hakunyamaza pia. Na mtu mwenye kigugumizi, au aliyezeeka masikio, au asiyeijua vema lugha ya tabibu, asiachwe peke yake na simu; ndugu au mwalimu amsindikize.

Tena kuna mambo yasiyopaswa kungoja simu wala miadi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea asiamke. Mtu asiyeweza kuvuta pumzi vema, au mwenye maumivu makali ya kifua. Mwanamke mjamzito atokaye damu. Mtu ambaye uso wake umepinda ghafula upande mmoja, au mkono wake umelegea: hao wachukuliwe hospitali mara moja. Mama yule alitandika punda saa ileile.

Na sasa twasema nanyi, wazee wa kanisa na walimu, wala hatujitoi sisi wenyewe. Je, sisi hatumtumi Gehazi? Zamani mzee wa kanisa aliposikia kwamba mtu wa mtaa wake hawezi, alichukua fimbo yake ya kutembelea, akapanda kilima, akaketi kitandani pa mgonjwa. Siku hizi twampigia simu. Twasema, “Pole, tunakuombea,” na moyo wetu hutulia kana kwamba tumemwona. Kumbe hatukuona kwamba mafiga ni baridi, na maji hayamo mtungini. Hatukuona kwamba dawa aliyopewa juzi haijafunguliwa, kwa kuwa hakuna wa kumsomea maandishi yake. Hayo mgonjwa hayasemi kwa simu, huona haya. Yakobo ataka wazee waitwe, wamwombee mgonjwa mahali alipo na kumpaka mafuta (Yakobo 5:14), na mafuta hayapakwi kwa mbali. Na siku ile ya mwisho Bwana atawakumbusha walio wake kwamba alipokuwa hawezi walimjia (Mathayo 25:36). Tutajibu nini, ikiwa tulimpelekea sauti tu? Tutawadaije matabibu kuonana uso kwa uso, na sisi wenyewe hatuendi?

Mwisho, tuyainue macho yetu juu kuliko Elisha. Mungu alinena na baba zetu kwa manabii kwa muda mrefu, na neno lake lilikuwa kweli. Lakini ugonjwa wetu ulikuwa wa kufa, naye hakuona vema kutuacha na wajumbe peke yao. Alimtuma Mwana wake, akazaliwa na mwanamke, akatwaa mwili huu uumwao kichwa, uonao njaa na homa. Yesu alimgusa mwenye ukoma ambaye kila mtu alimkimbia, ingawa neno lake tu lingetosha (Marko 1:41). Alimshika mkono binti Yairo. Akalala juu ya mauti yetu kama Elisha alivyolala juu ya mtoto, akautia moto mwili uliopoa. Na hata leo hatuachi na neno peke yake: katika Ubatizo maji hutugusa, na katika Chakula cha Bwana yeye mwenyewe huja kinywani mwetu. Huyu ndiye Tabibu asiyeziona taabu zetu kutoka mbali.

Basi wewe uliye mgonjwa, usikate tamaa. Mshike miguu Bwana, kisha umwendee na tabibu wake wa duniani, ukaombe kuonwa. Nawe uliye mzima, yuko mtu katika mtaa wako ambaye ulimpigia simu juma lililopita. Vaa viatu, uende.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe uliyekuja mwenyewe, uwakumbuke wagonjwa wanaosikia sauti tu na hawaoni uso. Uwape matabibu subira, macho mema na mikono ya rehema. Utuondolee uvivu wetu, utufanye watu wa kwenda. Na saa yetu ya mwisho ikifika, usitutumie mjumbe, bali uwe karibu nasi wewe mwenyewe. Amina.