Kuzama na Kutoswa: Bahari katika Michoro ya Lubaina Himid

Je, msanii anayo haki ya kuipamba bahari iliyo kaburi la watu? Katika uchoraji suala hili ni zito zaidi kuliko katika fasihi, kwa kuwa rangi humpendeza mtazamaji kabla hajatambua anachokitazama.

Mwaka 1840 Mwingereza J.M.W. Turner alionyesha mchoro wa meli ya watumwa: machweo mekundu, mawimbi makali, na viungo vya watu wenye minyororo vikimezwa na maji. Kichwa cha mchoro kiliwataja wazi wafanyabiashara wanaowatosa wafu na mahututi. Hata hivyo John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1843, alizisifu kwa kirefu rangi za bahari hiyo, na habari ya kutoswa akaiteremsha kwenye tanbihi. Lawama si yake peke yake. Ndani ya mchoro bahari ndiyo inayoua. Meli iko mbali, na waliotenda hawaonekani. Kiswahili kingemsaidia hapa: aliyezama huenda alishindwa na maji tu, bali aliyetoswa ana mtu aliyemtosa.

Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, alianza mwaka 2016 mfululizo uitwao Le Rodeur. Hilo ni jina la meli ya Kifaransa iliyokumbwa na ugonjwa wa macho mwaka 1819. Mateka zaidi ya 30 waliopofuka wakatoswa, kwa kuwa hawangeuzika. Katika michoro hii hamna maiti. Wamo watu weusi waliovaa mavazi maridadi, wamesimama vyumbani, na bahari imesogezwa nyuma yao. Ukaribu wao hauna faraja, kana kwamba kila mmoja analijua jambo asiloweza kumwambia mwenzake.

Yamkini asiyekijua kisa ataona mavazi tu. Kujibu kwamba jina la meli linatosha ni kujibu kwa wepesi mno. Turner naye alikuwa na kichwa kilichosema yote. Jibu lenye uzito limo katika mpangilio wenyewe. Kuichora miili ya vipofu wale kungewafanya watazamwe tena na macho wasiyoweza kuyarudishia. Himid anawanyima watazamaji fursa hiyo, pamoja na tufani ya kustaajabia. Mtazamaji anajikuta chumbani, miongoni mwa wanaojua, na hakuna anayegeuka kumweleza.