Je, Yafaa Kukusanya Vitu vya Vita?

Siku moja kijana wa ushirika mmoja alitujia akishika kitambaa kilichofungwa fundo. Alipolifungua tukaona nishani ya fedha iliyofifia kwa umri, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano. Akasema, "Mwalimu, hii ilikuwa ya baba yake babu. Yuko mtu mjini akusanyaye vitu vya vita, naye ataka kuinunua kwa bei itoshayo karo ya mdogo wangu. Bibi amekataa kabisa. Asema hilo ni jasho la mtu na damu yake, haliuzwi. Je, nikiiuza nitakuwa nimekosa?" Hatukumjibu upesi, maana swali lake ni kubwa kuliko nishani yenyewe. Twataka kulifikiri pamoja nanyi.

Kwanza tutazame vitu hivi ni nini. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilipita katika nchi zetu tangu Agosti 1914 mpaka siku ya 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia. Jeshi lipitapo huacha vitu nyuma yake: maganda ya risasi, vifungo vya nguo, vikombe vya bati, sarafu. Kule Salaita karibu na Taveta, walikopigana Februari 1916, watu wameokota maganda mengi mchangani. Mizinga kumi ya manowari Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915, ilitolewa melini ikakokotwa barani kupigana huko. Mmoja wao husimama Mombasa penye ngome ya Fort Jesus. Tena Wadachi walipokosa fedha walipiga sarafu zao wenyewe huko Tabora mwaka 1916, za shaba, hata na za dhahabu zenye picha ya tembo. Sarafu zile za shaba zilikuwa Heller, nasi mpaka leo twasema hatuna hela, pasipo kukumbuka neno hilo lilikotoka.

Basi kuvitambua vitu hivi ni elimu, wala si mchezo. Mwenye kuijua hulishika ganda la risasi akaligeuza kitako juu, asome chapa yake. La Mauser ya Wadachi lina herufi za kiwanda, na mwezi na mwaka wa kufanywa. Kitako chake hakitokezi nje. La bunduki ya Kiingereza kitako chake hutokeza kama ukingo wa sahani. Likiwa nene, la milimita 11, ni la bunduki ya zamani ya mwaka 1871, ambayo wengi wa askari wa Wadachi waliibeba vita vilipoanza. Hiyo ilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ukamwonyesha adui mpigaji alipo.

Lakini hapa ndipo mwenye haraka ajikwaapo. Aona ganda la Kiingereza, asema, "Hapa alisimama askari wa Mwingereza." Sivyo. Huko Tanga Wadachi waliteka bunduki mamia na risasi maelfu kwa maelfu, wakazitumia kuwapiga wale wale waliozileta. Hali kadhalika risasi za meli iliyokuja kuwasaidia mwezi wa Aprili 1915, ikapigwa katika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga: wapiga mbizi walizitoa majini, zikafunguliwa moja moja na kukaushwa. Ganda lenyewe laonyesha kiwanda kilicholifanya, bali halisemi ni mkono gani uliokaza bunduki. Kulijua hilo hatuna budi kujua liliokotwa wapi, lini, pamoja na kitu gani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aokotaye ganda na kulitia mfukoni pasipo kuandika mahali pake, amelichukua shaba na kuyaacha maneno yake mchangani.

Tena kuna neno la uongo. Penye bei hapakosi mdanganyifu. Wako watu wafanyao nishani bandia na vifungo bandia, wakavizika ardhini vipate kutu, kisha wakaviuza kuwa ni vya vita. Wako na wengine wenye kitu cha kweli, nao hukizidishia hadithi, kwamba kilikuwa cha jemadari fulani, ili bei ipande. Twajua sote amri ya kutoshuhudia uongo juu ya jirani. Je, maiti si jirani? Hawezi kusimama aseme, "Mimi sikuwa hapo." Amwekeaye mtu aliyekufa tendo asilolitenda amemshuhudia uongo, hata likiwa tendo la ushujaa.

Wengine watasema, "Viacheni vyote, kwani kuvitunza vitu vya kuulia ni kuvisifu vita." Neno hili tusilidharau. Tumeona watu wapangao bunduki ukutani kama pembe za nyama waliowawinda, na macho yao yang'aa wakisimulia. Walakini kosa hilo limo katika moyo wa mtazamaji, wala halimo katika chuma. Ganda moja likiwekwa mbele ya watoto pamoja na habari yake ya kweli, laweza kuwafundisha hofu ya vita kuliko maonyo mengi. Vikitupwa vyote, watakaokuja watasikia tu tarumbeta za vitabuni, wasione kitu kilichomtoboa mtu.

Lakini liko jambo zito zaidi. Tukivikusanya vitu vyote vya vita vile, vikakamilika pasipo kukosa kimoja, bado tutakuwa na picha isiyo ya kweli. Maana waliokufa kwa wingi hawakubeba bunduki wala hawakuvaa vifungo vya shaba. Ni wapagazi, waliobeba unga na risasi na wagonjwa vichwani mwao, wakafa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa kuchoka. Kariakoo ya Dar es Salaam yachukua jina lake kwa kikosi chao, nasi twanunua vitunguu hapo pasipo kuwawaza. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitangaza uchunguzi wake yenyewe: wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, wala pengine kwa njia yo yote, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Watu hao waliacha nini cha kuokotwa? Mzigo haukuwa wao. Kata ya majani waliyoiweka kichwani imeoza zamani. Basi mkusanyaji mwenye haki na aache mahali patupu katika kabati lake, na aulizwapo, "Hapa pana nini?" ajibu, "Hapa ni pa wapagazi."

Sasa twamrudia kijana wetu. Tuliishika nishani ile tukaigeuza ukingo wake kwenye mwanga, maana Waingereza walizichapa ukingoni nambari ya askari, jina lake na kikosi chake. Jina lilikuwapo, na herufi K.A.R. Kijana alilisoma kwa sauti, akanyamaza. Alikuwa hajalisoma kamwe. Tukamwambia hivi: kuuza si dhambi, na karo ya mtoto ni kitu chema, pengine mzee mwenyewe angaliipenda kuliko kipande cha fedha sandukuni. Lakini usiuze kitu usichokijua. Nenda kwanza kwa bibi, ukae miguuni pake, uandike kila alisikialo juu ya mtu huyu: alitoka wapi, alirudi na jeraha gani, nani alimbebea chakula. Ukimaliza kuandika, mwulize tena bibi, maana yeye aliitunza, wala si wewe. Akikubali, maandiko hayo yafuatane na nishani, na nakala ibaki nyumbani.

Nanyi, ndugu walimu na wasomaji, vikiwako vitu kama hivi kwenu, fanyeni vivyo hivyo. Andikeni mahali na siku. Msichimbe penye makaburi, maana mfu hakuweka vifungo vyake amana kwa ajili yenu. Mkiona kombora lisilopasuka msiliguse, bali waiteni polisi. Chuma cha vita chaweza kuua hata leo.

Kijana yule aliondoka na nishani yake, ingali kitambaani. Alikuja tena baada ya majuma matatu, na daftari ya shule iliyojaa nusu. Tulipomwuliza habari ya kuuza alisema, "Bado, Mwalimu. Bibi hajamaliza."