Hofu Isiyoondoka si Upungufu wa Imani

Mara nyingi twamsikia mtu aliyepatwa na mambo mazito, kama ajali, mapigo ya utotoni au msiba wa ghafula, akiambiwa: "Vumilia, sahau, sali." Wasemao hivyo ni watu wema. Lakini huyo aambiwaye amekwisha kusali. Mlango ukigongwa usiku hushtuka, moyo humwenda mbio na jasho humtoka. Asubuhi huenda kazini kana kwamba halikutukia jambo. Je, hofu ya namna hiyo ni kosa lake?

Twasema sivyo. Hofu imewekwa ndani yetu itulinde, na mwili uliokwisha kuonja hatari hauachi kujihami kwa kuamriwa tu. Kwa hiyo mtabibu mwenye busara hamlazimishi mgonjwa kusimulia yote siku ya kwanza. Humwuliza juu ya usingizi, chakula, pombe, na watu anaoishi nao. Humfundisha kuvuta pumzi polepole na kuzirudishia siku zake utaratibu. Habari ya jeraha lenyewe huja baadaye, moyo ukiwa umepata pa kukanyaga.

Watakuwapo wa kunung'unika kwamba hayo ni mambo ya kisasa. Basi na wamsome Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Alipouliza ni nini kipunguzacho huzuni, alitaja machozi, huruma ya rafiki, kutafakari ukweli, tena usingizi na kuoga. Naam, kuoga! Mwalimu huyo mkuu hakuona haya kusema hivyo, kwa kuwa kwake roho na mwili ni mtu mmoja.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi mwaka 2006 pamoja na bibi wazee 14 katika mtaa wa Mbare. Walifundishwa kuketi na mwenye shida katika benchi, nje ya zahanati, na kumsikiliza. Hawakumtisha kwa majina ya hospitali. Walisema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Washona walikuwa nalo tangu zamani. Bibi hamtatulii mtu shida zake zote. Humsaidia kuchagua moja na kutafuta hatua ya kwanza. Uchunguzi wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare ulitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliosikilizwa na bibi hao walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hata Zanzibar.

Lakini tahadhari. Anayejinadi kwamba anaponya mwili na roho pamoja, kisha akamwamuru mgonjwa atupe dawa alizopewa na daktari, amemkata mtu vipande sawasawa na yule asemaye "sali tu". Tena bibi wa Mbare anajua kikomo chake: mgonjwa akiwa na wazo la kujiua, humpeleka kwa walio na ujuzi zaidi.

Mume ambaye mkewe halali usiku adaiwa nini, basi? Kumsindikiza hospitali, bila shaka. Lakini kwanza azime redio, akae, asikilize hata yale asiyoweza kuyatengeneza. Na Padre aletewaye habari hizo baada ya Misa, pamoja na baraka, na awe amekwisha kuulizia ni zahanati gani ya karibu yenye mtu wa kazi hiyo, na siku gani hupatikana.