Neno Lililochelewa

Kikapu tunakijua. Cha sokoni, cha nyanya, cha dagaa. Lakini kipo kikapu kilichopakiwa mtoto mchanga.

Kisa ni cha Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindu. Kunti alizaa kabla ya ndoa. Akaogopa aibu. Akamweka mwanawe kikapuni, akamwacha achukuliwe na maji ya mto. Mtoto akaokotwa na mwendesha gari la farasi. Mkewe, Radha, akamlea. Ndiye Karna.

Miaka ikapita. Vita vikabisha hodi. Hapo ndipo Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal, alipolisimamisha shairi lake: jioni, ukingoni mwa Ganges, mama na mwana. Kunti anamwambia: Mimi ndimi mama yako. Unaotaka kupigana nao ni ndugu zako. Rudi nyumbani.

Karna akakataa. Nami simlaumu. Radha alimlea, angemkanaje? Kunti hakusema uongo. Alichelewa. Katika utenzi, Karna aliuawa na Arjuna, mdogo wake, asiyejua kwamba anamuua kaka yake.

Msikilizaji, yuko ndugu unayemficha neno? Mwambie leo, kabla hujaanza kazi.