Kila Skripti kwa Jina la Mwenyewe

Wanangu mnaokodi seva moja na kuwauzia watu nafasi ndani yake, haya nayasema kwenu. Najua mko wengi sasa, Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, Nairobi. Kijana anakodi seva iliyoko Ujerumani au Marekani, anaweka Linux, Apache na PHP, kisha anawapangisha humo shule, hoteli ya pwani, SACCOS, kwaya ya kanisa, duka la spea. Ni kazi halali na ina baraka zake. Lakini kabla hujampokea mpangaji wa pili, jiulize jambo moja: skripti ya mteja inapoendeshwa, inaendeshwa kwa jina la nani?

Linux haimjui mteja wako kwa sura wala kwa risiti aliyolipia. Inachojua ni namba ya mtumiaji. Kila mchakato unaoendeshwa una namba hiyo, kila faili ina mwenyewe, na nani asome nini huamuliwa kwa kulinganisha namba hizo. Ukiweka Apache na moduli ya PHP kama watu walivyozoea kwa miaka mingi, PHP hukaa ndani ya Apache yenyewe, na kwenye Debian na Ubuntu Apache huendeshwa kwa jina la www-data. Basi skripti ya shule ni www-data. Ya hoteli ni www-data. Ya yule aliyejisajili jana usiku kwa jina la bandia nayo ni www-data. Mbele ya kerneli wote hao ni mtu mmoja.

Tazameni matokeo yake. Tovuti ya WordPress huweka nywila ya hifadhidata ndani ya faili iitwayo wp-config.php. Tovuti haiwezi kufunguka mpaka www-data iisome faili hiyo. Ikiweza kuisoma kwa ajili ya shule, inaisoma kwa ajili ya yeyote. Mpangaji mwenye nia mbaya hana haja ya kuvunja kitu. Anaandika mistari michache ya PHP, anataja mahali ilipo faili ya jirani, na nywila inatokea kwenye skrini yake. Kutoka hapo anaingia kwenye hifadhidata, anasoma majina ya wanafunzi na namba za simu za wazazi wao, anabadilisha nywila ya msimamizi, na asubuhi mwalimu mkuu hawezi kuingia kwenye tovuti ya shule yake. Ni sawa na nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amenunua makufuli ya aina moja, ufunguo wa chumba hiki ukafungua na kile.

Wala mpangaji si lazima awe mwovu. Mara nyingi ni mwema aliyetengenezewa tovuti na mtu, kisha asiiguse tena. Mwaka 2011 iligundulika kasoro katika TimThumb, skripti ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha iliyokuwa imefungashwa ndani ya mandhari nyingi za WordPress. Ilikubali kuchukua picha kutoka tovuti chache inazoziamini, ila ililichunguza jina kwa ulegevu: jina la tovuti inayoaminika likionekana popote katika jina la seva inayoombwa, ilipita. Wadukuzi wakajisajilia majina ya kufanana, wakaiagiza ichukue faili za PHP badala ya picha. Wenye tovuti hawakujua hata kama wana skripti hiyo. Kwenye seva ambayo kila kitu ni www-data, tundu la namna hiyo katika tovuti ya kwaya ni tundu la SACCOS pia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe wameivaa watu wengi.

Na hapo ndipo inapozaliwa 777. Mteja anapiga simu: picha hazipandi. Hazipandi kwa sababu folda ni yake na skripti inaendeshwa na www-data, ambaye kwa folda ile ni mgeni. Fundi mwenye haraka anaandika chmod 777, picha zinapanda, mteja anashukuru. Nawasihi kwa moyo wangu wote, msiandike amri hiyo kwenye seva ya watu wengi. Maana yake ni kwamba kila mtumiaji wa mashine ile, awe ni nani, anaweza kuweka faili mle, kubadilisha na kufuta. Ukiona seva inadai 777 ili ifanye kazi, jua kuwa majina yamewekwa kombo. Yanyoosheni majina, na haja ya 777 itaondoka yenyewe.

Walikuwepo waliotaka kulitibu jambo hili ndani ya PHP. Iliwekwa hali iitwayo safe_mode, iliyolinganisha mwenye skripti na mwenye faili kabla ya kuifungua. Watu wakalala usingizi wakiitegemea, ilhali waandishi wa PHP wenyewe waliandika katika mwongozo wao kwamba kulitatua tatizo hili katika ngazi ya PHP ni kukosea mahali pa kujenga. Toleo la 5.3 la mwaka 2009 likaitangaza kuwa imepitwa na wakati, na toleo la 5.4 la mwaka 2012 likaiondoa kabisa. Kuna open_basedir, inayoizuia PHP isifungue faili nje ya folda ulizotaja. Iwekeni. Lakini inaibana PHP peke yake. Skripti ikiweza kuita programu nyingine ya mashine, au mteja akiwa na skripti ya Perl, ukuta huo haupo. Na orodha ndefu ya vitendakazi vilivyopigwa marufuku, ambayo fundi humwonyesha mteja kwa fahari, imekwepwa mara nyingi mno kwa njia ambazo aliyeiandika hakuziwaza. Mlinzi wa kweli ni kerneli. Mpeni namba sahihi za kulinganisha.

Apache ililijua hili zamani. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 1997 ilikuja na suEXEC, programu ndogo inayopewa uwezo wa root ili ivue jina la seva na kuvaa jina la mwenye skripti kabla ya kuiendesha. Kwa kuwa inashika uwezo mkubwa kiasi hicho, ina masharti makali. Haikubali kuendesha chochote kwa jina la root. Haikubali skripti ambayo mtu mwingine anaweza kuiandika, wala iliyo kwenye folda ambayo mtu mwingine anaweza kuiandika. Hukataa pia skripti ambayo mwenyewe si yule ambaye inatakiwa kuendeshwa kwa jina lake. Mazingira ya mchakato nayo huyasafisha kwanza. Vijana wengi wakikutana na ukali huo huona usumbufu, wakatafuta namna ya kuulegeza. Msifanye hivyo. Kila sharti pale limewekwa kwa sababu kuna njia ya kuingilia ambayo linaiziba. Mkikataliwa, someni kumbukumbu ya suEXEC. Itawaambia sharti lipi limevunjwa.

Kwa PHP ya leo njia ninayowashauri ni PHP-FPM, ambayo imo ndani ya PHP yenyewe tangu toleo la 5.3.3 la mwaka 2010. Kila mteja anapewa kundi lake la michakato, lenye jina lake la mtumiaji. Apache au Nginx inapokea ombi kutoka nje na kulikabidhi kwa kundi la mteja husika. Skripti ya shule sasa ni shule. Ya hoteli ni hoteli.

Lakini hata hapa kuna mitego miwili ambayo mafundi wazuri wameiangukia, na ndiyo hasa nataka mkae nayo. Wa kwanza ni mlango wa kundi lenyewe. Ukiliacha kundi la shule lisikilize kwenye 127.0.0.1 bandari ya 9000, unafikiri umelifungia ndani kwa kuwa wa nje hawafiki. Wa nje hawafiki, ila wapangaji wako wote wako ndani. Mpangaji yeyote anaweza kufungua muunganisho kwenye bandari hiyo, akazungumza lugha ya FastCGI, na kuliagiza kundi la shule liendeshe msimbo wake kwa jina la shule. Hata mipaka uliyoiandika kwenye faili ya kundi anaweza kuiandika upya kupitia muunganisho huohuo. Tumieni soketi ya faili, moja kwa kila mteja, mwenyewe awe www-data na ruhusa ziwe 0660, kisha hakikisheni hakuna skripti ya mteja hata moja inayobaki ikiendeshwa kwa jina la www-data.

Mtego wa pili ni OPcache, ile kumbukumbu ambamo PHP huweka skripti zilizokwisha kutafsiriwa ili zisitafsiriwe upya kila mara. Makundi yote yaliyo chini ya mchakato mzazi mmoja wa PHP-FPM hushirikiana kumbukumbu hiyo. Skripti ya jirani iliyokwisha kuwekwa mle inaweza kutumiwa na kundi ambalo faili yenyewe halina ruhusa ya kuisoma. Washeni opcache.validate_permission, au mpeni kila mteja mzazi wake.

Nisiwafiche upande wa pili wa jambo hili. Skripti ikiendeshwa kwa jina la mwenyewe, inaweza kufanya lolote ambalo mwenyewe anaweza: kuandika juu ya kila ukurasa wake na kufuta kila picha yake. Kutenganisha majina kunamlinda jirani. Hakumlindi mwenye tovuti mbovu dhidi ya tovuti yake. Waambieni wateja ukweli huo. Kisha wasaidieni: folda ya kupokea picha isiruhusiwe kuendesha PHP hata kidogo, na nakala za akiba zikae kwenye mashine nyingine, mahali ambapo jina la mteja halina uwezo wa kuandika.

Ruhusa za faili zifuate mpango huo. Folda kuu ya mteja iwe 0750, kundi la watumiaji (group) linaloimiliki likiwa la seva ya wavuti, ili majirani wasiingie. wp-config.php iwe 0600, isomwe na mwenyewe tu, kwa kuwa Apache haina haja nayo tena. Hapo mtakuwa mmeziba na hila ya viungo, ambayo imewaumiza wengi: mpangaji anatengeneza katika folda yake kiungo, faili isiyo na kitu ndani ila anwani ya wp-config ya jirani, anakipa jina linaloishia na txt, kisha anaiomba Apache imwonyeshe kama maandishi ya kawaida. Apache inayo sharti la kufuata viungo endapo mwenye kiungo na mwenye faili ni mmoja, lakini mwongozo wake unasema wazi kwamba sharti hilo lisihesabiwe kuwa ulinzi, kwa sababu kati ya kukagua na kufungua mtu anaweza kubadilisha kitu. Faili isiyosomeka na Apache haina cha kuvuja, kiungo kiwepo au kisiwepo.

Sesheni za PHP nazo zitenganisheni. Kila mteja awe na folda yake ya sesheni na ya faili za muda, msiwarundike wote katika /tmp. Fungeni /proc kwa hidepid ili mteja asitazame amri za wenzake. Wekeni kikomo cha michakato, kumbukumbu na muda wa prosesa kwa kila mmoja. Barua zinazotumwa na skripti ziandikwe zimetoka kwa nani, maana mteja mmoja aliyegeuzwa mtambo wa barua taka huifanya anwani ya seva nzima ikataliwe kila mahali.

Yote haya yanasimama juu ya kerneli, na kerneli nayo ina kasoro zake. Ile iliyoitwa Dirty COW ilitangazwa Oktoba 2016 baada ya kukaa ndani ya Linux tangu 2007, na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa uwezo wa root. Kwenye seva yako peke yako pengine ungepumua kidogo. Kwenye seva ya wapangaji, mtumiaji wa kawaida ni kila mteja wako na kila aliyemdukua mteja wako. Sasisheni, na muiwashe seva upya ili kerneli mpya ifanye kazi kweli. Nimeona seva nyingi zenye kerneli mpya kwenye diski huku ile ya zamani ndiyo inayotawala.

Kisha jaribuni kazi yenu. Fungueni akaunti mbili zenu wenyewe kwenye seva, na kutoka ya kwanza jitahidini kusoma, kuandika na kuorodhesha vitu vya ya pili, kwa PHP, kwa Perl, kwa cron, kwa kiungo. Rudieni kila mnapobadilisha toleo la PHP, kwa kuwa faili za mipangilio hubadilika bila kuwapigia hodi.

Mtu anayekupa tovuti ya zahanati yake amekupa na majina ya wagonjwa wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hiyo inamtaka anayeshika taarifa kwa niaba ya mwingine, ambaye hapa ni wewe mwenye seva, taarifa zikivuja amjulishe mwenye dhamana nazo, yaani mteja wako, bila kukawia, ndani ya saa 48 inapowezekana, ili naye amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Kwa hiyo siku mkikuta faili ngeni katika folda ya mteja, msianze kwa kufuta. Zimeni kundi la mteja huyo. Hifadhini nakala ya folda yake na kumbukumbu za seva jinsi zilivyo, pamoja na saa za faili. Kagueni cron yake, kwa maana mdukuzi hupenda kuacha hapo amri ya kumrudisha. Angalieni kama michakato ya jina lake iligusa chochote cha jina jingine. Mkiona dalili kwamba iligusa, pigieni simu na wale majirani, siku hiyohiyo, muwaambie faili zipi zilisomwa na nywila zipi wabadilishe.